Tusingoje matanga ili tuonane

Siku hizi katika miji yetu ya Katanga, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, kuna neno moja linalorudiwa na watu wenye kazi na wasio na kazi: «Jamaa ni mzigo.» Wengine wanalisema kwa kucheka, wengine kwa hasira. Wengine hawalisemi kabisa, lakini wanalitenda. Wanabadili namba ya simu wasiitwe tena na watu wa kijijini. Wanafunga mlango wa lupango mchana kweupe. Wanawafundisha watoto wao kumwambia mgeni kwamba baba hayupo, kumbe baba amekaa ndani, anasikia sauti ya ndugu yake na kunyamaza.

Sisi tunalipinga neno hilo. Hatulipingi kwa kutamani kurudi nyakati za babu zetu, maana nyakati zile nazo zilikuwa na njaa yake na maonevu yake. Tunalipinga kwa sababu ni la uongo, na uongo huo umekwisha kuwaumiza watu wengi, hasa wazee, wajane na yatima. Wasomaji wapendwa, someni mpaka mwisho, halafu mhukumu wenyewe.

Nani alitulea?

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Tulikuwa watoto katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ile. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 maduka yaliporwa. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, haikufikisha hata tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Posho ya unga ilipungua, halafu ikakatika. Pesa uliyoipata asubuhi ilikuwa imepoteza nguvu jioni. Serikali haikuwalipa tena walimu ipasavyo, na wazazi ndio waliobeba mishahara yao. Mtoto asiye na minervali aliambiwa asimame, achukue daftari zake na atoke, wenzake wakimtazama.

Katika miaka hiyo tulikuwa na shangazi, dada mkubwa wa baba yetu, aliyekaa Kabalo kando ya mto Lualaba. Hakuwa tajiri. Hakusoma shule, alijua katekisimu tu. Kila mwaka wakati wa kiangazi alipanda treni, akaja kwetu Lubumbashi na mizigo yake: samaki waliokaushwa kwa moshi, vidumu vya mafuta ya mawese, gunia la karanga, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Safari ilichukua siku nyingi, maana mara nyingine treni ilisimama porini siku mbili nzima ikingoja mashine nyingine. Alifika amejaa vumbi, na alipumzika usiku mmoja tu. Kesho yake alikwenda sokoni, akauza, akarudi jioni, akakaa kwenye kigoda karibu na mbabula na kuhesabu noti zake mara mbili. Halafu aliuliza swali moja: «Nani amefukuzwa shule?»

Hakuuliza nani ana akili na nani ni mjinga, wala nani ni mtoto wa nani. Aliyefukuzwa alilipiwa. Tulikuwa watoto saba katika nyumba ile, na wawili kati yetu hawakuwa wa baba yetu. Walikuwa wa ndugu yake aliyekufa. Shangazi hakujua hesabu ya kuwatenga wawili na watano. Bukari ilipopungua, yeye alisema kwamba alikula sokoni. Mama hakuamini, nasi baadaye tulitambua kwa nini mama hakuamini.

Hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mkali, na tulimwogopa. Siku moja alijua kwamba baba amekunywa pesa ya unga. Alimkaripia mbele yetu sote, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, aliinamisha kichwa kama mtoto wa kisomo. Mama asingethubutu kusema vile, na jirani asingeruhusiwa. Waluba wa Kasai wanamwita shangazi kwa jina lenye maana ya «baba mwanamke», na jina hilo si la mapambo. Maana yake ni kwamba mwanamke huyo ana mamlaka ya baba katika nyumba ya ndugu yake. Mke aliyeonewa alikuwa na mahali pa kushtaki bila kwenda kwa hakimu. Mtoto aliyepigwa bila kosa alikuwa na mgongo wa kujificha nyuma yake.

Sasa tunawauliza wale wanaosema kwamba jamaa ni mzigo: katika habari hii, nani alikuwa mzigo wa nani? Mwanamke wa kijiji ndiye aliyebeba nyumba ya mfanyakazi wa mji. Wala habari hii si ya kwetu pekee. Waulizeni walimu, waganga wa hospitali, mahakimu na mapadri waliosoma shule ya msingi tangu miaka ile mpaka mwaka 2019, serikali ilipoanza kuitimiza ahadi ya elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2006. Waulizeni nani alilipa. Wengi watawatajia shangazi, mjomba, mama mdogo, au kaka aliyeacha kuoa kwanza ili wadogo zake wasome. Leo wengine kati ya watu hao hao wana nyumba ya ghorofa na mlango wa chuma, na juu ya mlango wameandika: «Mbwa mkali».

Hesabu ya karani

Wako wanaojibu: «Hayo yamepita. Jamaa ya kweli ni baba, mama na watoto. Wengine ni mambo ya kijijini. Huu ndio ustaarabu.» Vema. Basi tuutazame ustaarabu huo ulikotoka.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitafuta wanaume peke yao, wafanye kazi miezi kadhaa na kurudi kwao. Mwisho wa miaka ya 1920 ilikwisha kuona kwamba mfanyakazi anayekaa muda mrefu pamoja na mke wake ana faida zaidi. Ikajenga makambi. Na kwa kuwa ilitoa nyumba, unga na dawa, ilipaswa kuhesabu midomo. Ikaandika kwenye karatasi: mume, mke mmoja, watoto wao. Mama mzazi wa mfanyakazi hakuwamo. Shangazi hakuwamo. Mgeni kutoka kijijini alihitaji ruhusa ili alale kambini.

Hatusemi kwamba yote yaliyofanyika katika makambi yalikuwa mabaya. Watoto walizaliwa hospitalini, na shule zilijengwa. Lakini tuelewe jambo hili: kampuni ilihesabu jamaa kama karani wa ghala anavyohesabu magunia, kwa sababu ya unga. Haikuwa na neno la kutufundisha juu ya undugu, wala haikudai kuwa nalo. Ni sisi tuliochukua hesabu ya karani, tukaiweka moyoni, tukaiita ustaarabu.

Na siku ya shida karatasi ile ilifaa nini? Mwaka 1967 kampuni ilikuwa imekwisha kuwa mali ya serikali. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa pesa mara moja, nayo ikaisha. Watu waliochimba na kuyeyusha shaba miaka 25 au 30 walijikuta bila posho, bila dawa, na watoto wao bila shule. Nani aliwapokea? Je, kampuni? Je, wale waliowafundisha kwamba jamaa ni mke na watoto tu? Hapana. Mmoja alikwenda kulima kwenye shamba la mjomba wake. Mwingine alikula kwa mkono wa dada yake anayeuza makala. Mwingine alijengewa chumba nyuma ya nyumba ya mtoto wa ndugu yake. Wale wasioandikwa kwenye karatasi ndio waliowashika walioandikwa.

Wanaotaja Maandiko

Wengine ni wajanja zaidi. Wanasema: «Maandiko yenyewe yanasema mwanamume atawaacha baba na mama yake, naye ataambatana na mkewe.» Ni kweli, yanasema hivyo, na ni neno jema. Mke asiwe mtumishi wa mama mkwe, wala nyumba ya wawili isitawaliwe na kijiji kizima. Lakini kuacha nyumba ya wazazi ili kujenga nyumba nyingine ni jambo moja, na kujenga nyumba isiyo na mlango ni jambo lingine. Bwana wetu aliwakemea wazi watu waliotangaza mali yao kuwa sadaka ili wasimsaidie baba wala mama. Paulo alimwandikia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wake ameikana imani. Na Bikira Maria, alipopata habari ya jamaa yake Elisabeti, mwanamke mzee mwenye mimba, alikwenda mwenyewe mpaka milimani, akakaa naye kama miezi mitatu. Anayetaka kujikinga na jamaa zake kwa Maandiko, kwanza ayasome yote.

Mabaya ya jamaa tunayajua

Msidhani kwamba tumefumba macho. Tunawajua vijana wenye nguvu wanaokuja kwa kaka yao kwa siku tatu na kukaa miaka mitatu, wakilala mpaka saa nne asubuhi, wakiuliza kama bukari imeiva. Kwa hao wazee wetu walikwisha kutoa hukumu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikusema: siku ya tatu mfungie mlango. Ilisema mpe jembe, maana yake mhesabu kuwa mtu wa nyumba na mfanyishe kazi ya nyumba. Mwenye nyumba anayeogopa kumpa mdogo wake jembe, halafu baada ya mwaka mmoja anamtupia vitu vyake barabarani, ameshindwa mara mbili.

Tunajua pia jambo baya kuliko hilo. Mtu akifa, ndugu zake wanafika kabla machozi hayajakauka, wanachukua vitanda, sahani, televisheni, hata karatasi za lupango, na mjane anatolewa nje pamoja na watoto. Wanasema: «Ni desturi.» Tunawaambia waziwazi: ni wizi. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, imewaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wengine wote, na imempa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Anayemfukuza mjane havunji sheria ya serikali tu. Anavunja undugu wenyewe, maana ndugu wa kweli wa marehemu angesimama mlangoni kuwazuia wezi.

Lakini angalieni vizuri watu hao wanaopora ni nani. Mara nyingi ni wale ambao marehemu hakuwaona miaka kumi. Hawakumtembelea katika ugonjwa, hawakujua majina ya watoto wake. Wangewezaje kuwahurumia watoto wasiowajua? Mjomba aliyembeba mtoto mgongoni hawezi kwa urahisi kumnyang'anya kitanda. Kwa hiyo dawa ya jamaa wabaya si kukata jamaa. Tukizidi kukata, tunazidi kuzaa wageni wenye jina letu, nao wageni hao watakuja siku ya kugawanya mali.

Uzi unakatikaje?

Hauelekei kukatika kwa ugomvi mkubwa. Ungekuwa ugomvi, wazee wangekaa, mbuzi angechinjwa, mambo yangekwisha. Uzi unakatika polepole, na kila mtu ana sababu yake nzuri.

Tukubali kwamba kuna sababu zisizokuwa za mtu yeyote kati yetu. Reli iliyounganisha Kamina na Kabalo mwaka 1956 ilikuwa imewakutanisha watu wa Tanganika na Lualaba na watu wa migodi. Vita ya mwaka 1998 ikaja kuikata nchi vipande viwili. Kalemie ikawa mikononi mwa waasi, Lubumbashi ikabaki mikononi mwa serikali, na njia ikafungwa. Shangazi yetu alikufa wakati huo. Habari ilitufikia baada ya miezi mingi kwa mdomo wa msafiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyetupa udongo kaburini. Watu wengi wa Katanga wana kaburi la namna hiyo, kaburi wasilolijua lilipo.

Lakini vita ile iliisha mwaka 2003. Watoto waliozaliwa mwaka huo ni watu wazima sasa. Tunauliza: ni nani anayetufungia njia leo? Treni imekuwa adimu na barabara ni mbaya, kweli. Lakini kutoka Kenia mpaka Katuba, mtaa na mtaa katika mji mmoja wa Lubumbashi, hakuna reli iliyokatwa, na bado wako ndugu wa tumbo moja wasioonana tangu mwaka juzi.

Kwanza ilikuja simu. Simu ni kitu kizuri. Mama aliye Kongolo anasikia sauti ya mtoto wake aliye Kolwezi, na pesa inafika kwa dakika moja. Lakini tukaanza kutuma pesa badala ya kwenda, halafu kutuma salamu badala ya pesa, halafu kuiacha simu ilie mpaka ikanyamaza. Pesa ya simu inanunua dawa, lakini haioni kwamba mzee hana tena nguvu ya kufungua chupa ya dawa.

Halafu yakapotea majina. Hili watu wanalidharau, sisi tunaliona kuwa kubwa. Lugha yetu ina baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, shangazi na mjomba, nkambo wa upande wa baba na wa upande wa mama. Kila jina lina kazi yake. Baba mdogo ni baba. Baba akifa, hatafutwi mwingine. Leo watoto wa mji wanaambiwa waseme «tonton» na «tantine». Ndugu wa baba ni tonton. Dereva wa teksi ni tonton. Polisi wa barabarani ni tonton. Muuza mkate ni tantine, na dada wa baba naye ni tantine. Mtoto huyo atajuaje nani ana deni kwake, na yeye ana deni kwa nani? Baba akifa, tonton atamwambia pole, atarudi kwake. Maana tonton hana kazi. Tulipobadili jina, tulimwachisha mtu kazi.

Mwisho unakuja ulozi. Mtu anayefika nyumbani mara moja kwa miaka mitano anaogopwa. Bibi kizee ambaye wajukuu hawakumzoea, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni yanageuzwa kuwa ushuhuda. Na yatima aliyepokelewa kwa shingo upande, mshahara ukikatika au mtoto wa nyumba akiugua, yeye ndiye anayetajwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto inamwadhibu anayemshtaki mtoto kuwa mlozi. Lakini sheria haijui kinachosemwa usiku jikoni. Zamani shangazi alikuwa jikoni. Angeuliza: «Mtoto wa kaka yangu amefanya nini? Nionyesheni.» Wengi wa watoto wanaolala chini ya meza za masoko yetu wana jamaa mjini humu humu. Hawakukosa ndugu, walikosa ndugu mmoja wa kuuliza swali hilo.

Aibu ya matanga

Kuna mahali pamoja ambapo jamaa zetu bado wanakutana wote: kilioni. Hapo utashangaa. Wanatoka Likasi, wanatoka Kipushi, wengine wanakuja kwa ndege kutoka Kinshasa. Hema linasimamishwa barabarani. Viti vya kukodi vinapangwa. Vitenge vya namna moja vinashonwa. Sanduku linanunuliwa lenye vishikio vya kung'aa na kioo cha kuonyesha uso. Mpiga picha anaitwa. Bia inashushwa. Watu waliosema mwezi uliopita kwamba hawana kitu, leo wanashindana kutaja mchango wao kwa sauti.

Na aliyelala ndani ya sanduku alikuwa nani? Mama mkubwa aliyeugua mwaka mzima katika chumba kimoja, akitunzwa na mtoto wa jirani. Alihitaji dawa za shinikizo la damu, na bei ya dawa za mwezi ilikuwa ndogo kuliko bei ya vishikio vile vya sanduku. Alihitaji mtu wa kumpeleka Misa siku ya Dominika. Hakuna aliyekuwa na gari. Leo magari kumi na mawili yanamfuata makaburini, taa zimewashwa mchana.

Hatusemi tusilie wafu wetu. Kuzika ni tendo la huruma, na matanga yana wema wake: watu wanalala pamoja chini, wanasameheana, watoto wanaonyeshana. Lakini jamaa inayokutana juu ya maiti tu ni jamaa ya namna gani? Kwenye matanga hayo mtu anamwuliza mwenzake: «Na wewe ni mtoto wa nani?» Wanaambiana kwamba ni watoto wa ndugu wawili. Wanafurahi, wanapeana namba za simu, wanaapa kutembeleana. Wanaonana tena kwenye matanga yanayofuata.

Tufanye nini?

Mtu anayepinga bila kuonyesha njia ni mpiga kelele. Basi tunataja mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri.

La kwanza: turudishe majina. Watoto wafundishwe kumwita baba mdogo baba mdogo, na shangazi shangazi. Na baba mdogo anapoitwa hivyo, akumbuke kazi yake.

La pili: tuandike. Kila nyumba iwe na daftari moja ya jamaa: majina ya wakambo wa pande zote mbili, watoto wao, mahali walipokaa, mahali walipozikwa, siku walizobatizwa kama zinajulikana. Wazee wanaojua wako hai leo. Wakienda, hakuna ofisi itakayotupa habari hizo.

La tatu: tuwe na likelemba ya walio hai. Wanawake wetu wa soko wanajua kuweka pesa pamoja na kupokezana. Jamaa zifanye vivyo hivyo. Kabla ya kuchangia sanduku, tuchangie dawa na minervali ya sekondari, kidogo kidogo kila mwezi. Na siku mtu akifa, tuchukue sanduku la mbao za kawaida, pesa inayobaki ipewe mjane mbele ya mashahidi.

La nne: kila mwaka tuchague siku moja ambayo si ya kilio wala ya ndoa, tukutane kwa mzee wa jamaa, kila mmoja na chakula chake. Watoto wacheze pamoja. Mtoto hapendi ndugu kwa kufundishwa. Anampenda aliyecheza naye mpira na kugombana naye juu ya embe.

La tano: tuweke mpaka. Anayekuja kukaa afanye kazi. Anayeomba kila mara bila kutoa hata jasho lake, wazee wamwite wamwambie. Mume na mke wapatane kwanza wao wawili juu ya msaada watakaotoa, upande wa mume na upande wa mke kwa haki moja. Nyumba nyingi zinavunjika kwa sababu mume analisha ndugu zake kwa siri, na mke wa kwake kwa siri. Wema wa siri wa namna hiyo ni ugomvi unaongoja siku yake.

Mtatuambia: «Maisha ni magumu.» Ni magumu kweli. Lakini mwaka 1994 yalikuwa rahisi? Wale waliotubeba hawakutubeba kwa sababu walikuwa na ziada. Walikuwa na kidumu cha mafuta, wakakigawanya. Sisi tuna mishahara midogo, simu mbili mfukoni, na tumekwisha kutangaza kwamba hatuwezi.

Siku moja nasi tutakuwa wazee katika chumba kimoja. Watoto wetu watatutendea kama walivyotuona tukiwatendea wengine, hawatahitaji kufundishwa. Mtoto uliyemtuma mlangoni kusema kwamba hupo amekwisha kulijifunza somo. Basi anayetaka mlango ufunguliwe kwa ajili yake kesho, aufungue leo, wakati anayebisha bado yu hai.